"Nesi alikuwa wapi?"

*"Mimi ni muuguzi wa stashahada, mwaka wa tano kazini, wodi ya wanawake ya magonjwa ya ndani katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Usiku tunakuwa wauguzi wawili na mhudumu mmoja, wagonjwa hawapungui 36. Wiki tatu zilizopita nilimwambia daktari tarajali kwamba mama wa kitanda namba 14 anapumua haraka kuliko alivyokuwa jioni. Akanijibu mbele ya wagonjwa: 'Sista, wewe toa dawa, mambo ya kupumua niachie mimi.' Nikanyamaza. Alfajiri yule mama akakimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Asubuhi daktari bingwa akauliza mbele ya wote: 'Nesi alikuwa wapi?' Nikaambiwa niandike maelezo. Baadaye uongozi ukatuletea semina ya mawasiliano, tukanywa chai na sambusa, tukaambiwa tupendane. Siku hizi sisemi kitu. Naandika kwenye faili, naendelea na kazi. Je, ni kweli wauguzi tuna roho mbaya kama watu wanavyosema? Na je, nihame?"*

Pole, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza maswali mawili, lakini nadhani linalokunyima usingizi ni la tatu, ambalo hukuliandika: siku nyingine nikiona kitu, nitasema au nitanyamaza tena? Nitayajibu yote matatu, ila usinitegemee kwenda kwa mpangilio, maana mambo haya wodini hayaji kwa mpangilio.

La roho mbaya tulimalize kwanza. Nimevaa sare nyeupe zaidi ya miaka 20 kabla sijaenda kufundisha, na nimeona muuguzi anayesemwa hospitali nzima kwa ukali akihamishwa kutoka wodi iliyofurika kwenda kliniki ya wajawazito. Miezi miwili baadaye anataniana na kila mtu na kuwashikia akina mama watoto wao. Roho ya mtu haibadiliki kwa miezi miwili. Kilichobadilika ni rosta, idadi ya wagonjwa, na kupata dakika kumi za kukaa chini akanywa chai yake ikiwa bado ya moto. Wapo wauguzi wakali kwa asili, sikatai, na madaktari wakali wapo, na hata kwenye foleni ya gesi wapo. Lakini wodi nzima ikinuna, acha kutafuta mwenye roho mbaya. Angalia kazi imepangwaje.

Jambo la pili ambalo semina yenu imelipindisha ni kwamba ushirikiano si kupendana. Kipa na beki wake wanaweza wasisalimiane wiki nzima, lakini krosi ikipigwa lazima kipa apige kelele "Wangu!" na beki ampishe. Wodini tunachohitaji ni hicho: taarifa itoke kwa aliyeiona, ifike kwa mwenye uwezo wa kuchukua hatua, ifike mapema, na aliyeitoa asiumie kwa kuitoa. Upendo ukipatikana, heri. Usipopatikana, mgonjwa asife kwa sababu hiyo.

Sasa tuangalie usiku wako. Wagonjwa 36 kwa wauguzi wawili ni 18 kwa kila mmoja. Utafiti unaotajwa sana duniani kuhusu jambo hili ulifanyika katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, ukaongozwa na Linda Aiken na kuchapishwa mwaka 2002. Waligundua kuwa kwa kila mgonjwa mmoja anayeongezeka juu ya mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe uliongezeka kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi kuchoka kazi mpaka rohoni kwa asilimia 23. Hospitali hizo zilikuwa na wastani wa wagonjwa kati ya wanne na wanane kwa muuguzi, kwa hiyo usichukue asilimia 7 ukazidisha mpaka kufika 18. Hesabu haiendi hivyo, na wodi zetu si zao. Lakini mwelekeo wake unaujua kwa miguu yako, ile inayovimba saa 11 alfajiri.

Kinachosemwa mara chache ni jinsi uchache unavyoua mazungumzo. Muuguzi akizidiwa hakati kazi zote kwa usawa. Dawa ya saa 6 usiku ataitoa, kwa sababu asipoitoa chati itamsema. Presha atapima. Atakachokikata ni kile kisichoacha alama: kukaa dakika mbili na mgonjwa, kumweleza mwenzake "huyu simwelewi leo", kuongozana na daktari kwenye raundi. Ushirikiano wote umo kwenye kazi hizo zisizo na kisanduku cha kuweka vema. Ndiyo maana wodi inaweza kuonekana imefanya kila kitu kwenye karatasi, na bado hakuna aliyeongea na mwenzake.

Halafu kuna ratiba mbili ambazo hazikutani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa na ndipo panapotengenezeka kwa gharama ndogo. Wauguzi mnakabidhiana zamu wodini saa 1:30 asubuhi. Madaktari wanakabidhiana kwenye kikao chao cha asubuhi, jengo jingine, saa 2. Mambo yaliyosemwa huku hayajulikani kule. Raundi inaanza saa 3, muda uleule ambao muuguzi yuko na toroli la dawa kitanda cha tano. Daktari anapita na watarajali wake, anabadilisha dawa, anaandika, anaondoka. Saa 7 mchana muuguzi anafungua faili au kompyuta moja ya wodi nzima na kukuta dozi ilibadilishwa tangu asubuhi. Daktari anamwona muuguzi mzembe, muuguzi anamwona daktari mwenye dharau, na mfamasia anawashangaa wote wawili. Hakuna aliyekosea. Ratiba ndiyo imewagombanisha.

Ongeza Dar yenyewe. Anayekuja zamu ya usiku anatakiwa saa 2, ametoka Gongo la Mboto, foleni imemweka njiani, anaingia saa 2:35. Anayetoka anakaa Mbagala na anawaza usafiri. Makabidhiano ambayo yangepita kitanda kwa kitanda yanafanyika mlangoni, mmoja ana mkoba begani: "Wote wako stebo, isipokuwa kitanda cha 9 dripu imeisha, 14 muangalie." Muangalie nini? Hilo "muangalie" ndilo lingekuwa na habari yote: kwamba jioni alikuwa anapumua, tuseme, mara 20 kwa dakika, kwamba aligoma kula, kwamba aliuliza mara mbili leo ni siku gani. Bila hizo, anayeingia zamu anaanza kumjua mgonjwa upya saa 3 usiku.

Umenyamaza kwa sababu ulikatwa kauli, na lina historia ndefu hilo. Mwaka 1967 daktari mmoja wa magonjwa ya akili wa Marekani, Leonard Stein, aliandika kuhusu "mchezo" kati ya daktari na muuguzi: muuguzi anajua la kufanya lakini analazimika kulipitisha kwa mafumbo ili daktari aonekane amelifikiria mwenyewe. Sisi wa hapa mchezo huo tunaucheza kwa ufasaha kuliko waliouandika. "Dokta, samahani, sijui ni macho yangu tu, naona kama yule mama hajatulia…" Kumbe umeshahesabu pumzi, tuseme umepata 32 kwa dakika, na unajua mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya 12 na 20. Heshima imekufanya ufiche namba iliyokuwa mkononi mwako.

Kwetu kuna na la umri. Daktari tarajali wa miaka 26 anamwamkia shikamoo sista wa miaka 52, kisha dakika hiyohiyo anatakiwa amwagize. Wote wawili wanajisikia vibaya. Wengine wanatatua kwa utani wa dada na mdogo, na inafanya kazi vizuri kabisa. Wengine wanatatua kwa ukali, hasa kijana aliyeogopa. Simtetei wako, alivyokujibu si sawa. Lakini mtarajali yuko kwenye miezi 12 ya mafunzo ya vitendo, usiku huo huenda alikuwa anashika wodi tatu, na mtu anayeogopa kuonekana hajui hukimbilia cheo. Ukilijua hilo si lazima umsamehe, ila utajua namna ya kumwendea.

Swali la bingwa, "Nesi alikuwa wapi?", ndilo linalonikera kuliko jibu la mtarajali. Kijana alimnyamazisha muuguzi mmoja usiku mmoja. Swali lile limenyamazisha wodi. Kila aliyekuwepo amejifunza kwamba tatizo likitokea anatafutwa mtu, si sababu, na kwamba mtu huyo atavaa sare ya uuguzi. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi hospitalini Marekani akitegemea kwamba timu zinazoelewana vizuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaja kinyume: timu nzuri ndizo zilizoonekana na makosa mengi. Alipochimba akaona kuwa katika timu hizo watu hawakuogopa kuyataja. Kwingine makosa yalikuwepo, yamefunikwa. Sasa wewe piga picha wodi ambayo kila tukio linazaa barua ya kujieleza. Tukio la pili litaripotiwa na nani?

Nami niliwahi kunyamaza, na hospitali sitaitaja. Nilikuwa na miaka mitatu kazini, wodi ya upasuaji. Mwanamume wa kilo kama 60 alitoka theatre saa 8 mchana, na saa 6 usiku mfuko wake wa mkojo ulikuwa na mililita 40. Kwa uzito wake angetoa kama mililita 30 kila saa, yaani karibu 300 kwa muda wote huo. Nilijua. Lakini wiki moja kabla daktari yuleyule aliyekuwa zamu alinifokea kwa simu kwamba namwamsha kwa "vitu vya kitoto", na simu ilikuwa yangu, vocha yangu. Nikaandika kwenye chati: "Mkojo kidogo." Maneno mawili. Nikajiambia nimeripoti. Alirudishwa theatre asubuhi, alikuwa anavuja damu ndani. Aliishi, lakini kwa wiki nne za kitanda ambazo hakustahili. Yale maneno mawili yalinikinga mimi, yeye hayakumsaidia kitu. Nakwambia haya kwa sababu umeandika, "naandika kwenye faili, naendelea na kazi". Njia hiyo naifahamu, na naijua inakoishia.

Kipi basi kinasaidia? Kuna mfano ambao nchi yetu imo ndani yake, na wengi wetu hatuujui. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa katika hospitali nane duniani. Moja ilikuwa Ifakara, Morogoro, nyingine zikiwa katika miji kama London, Toronto na Manila. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 kwa hospitali zote nane zikijumlishwa. Orodha yenyewe ni karatasi moja. Ndani yake, kabla ya kisu kugusa ngozi, kila mtu chumbani anataja jina lake na kazi yake. Unaweza kudhani ni adabu tu, lakini aliyeshasikika sauti yake mara moja ni rahisi kusikika tena. Sikuuzii muujiza: utafiti ule ulipima kabla na baada tu, kwa hiyo huenda na mengine yalichangia, na nimeona kwingine orodha hiyo ikijazwa na mtu mmoja baada ya upasuaji kwisha, vema tupu. Lakini tofautisha na semina yenu. Semina iliwaomba muwe watu wazuri. Ile karatasi iliweka wakati maalumu ambao kusema ni sehemu ya kazi, hata kwa mwenye haya.

Kwa hiyo nikishauri wodi yako ningeanza na vitu vidogo vya aina hiyo. Muuguzi mmoja wa zamu atoke kwenye toroli kwa ajili ya raundi, au toroli litangulie nusu saa. Inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, na daktari wa wodi wanaweza kukubaliana hilo bila barua ya Mganga Mfawidhi. Makabidhiano yapite kitandani, angalau kwa wagonjwa watano walio hoi zaidi, hata kama wengine 31 watasemwa mezani. Namba ya simu ya daktari wa zamu na ya aliye juu yake ziwe ukutani kila jioni. Wodi yangu ya mwisho sista mmoja alikuwa anaziandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika pembeni ya meza, kila siku plasta mpya. Nusu ya ugomvi wa usiku uliisha kwa plasta ile. Kama hospitali yenu ina timu ya kuboresha huduma, hao wenye mabango ya "Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia", wapelekee wazo hili kama kazi yao. Wamezoea kupanga kabati, wapange na ratiba.

Idadi ya wauguzi huwezi kuibadilisha wewe, na asikudanganye mtu kwamba mbinu za mawasiliano zitafidia upungufu wa watu. Hazifidii. Unachoweza ni kuuandika: kila zamu, wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi, kipi hakikufanyika. Wiki mbili tu, bila jina la mgonjwa, wala usipige picha faili la mtu. Inchaji akienda kwa metroni, mkuu wa wauguzi, na karatasi hiyo anaongea lugha tofauti na ya "tumechoka".

Usiku, ukiwa peke yako na daktari asiyesikia, acha mafumbo. Kuna mtindo ulioanzia kwenye nyambizi za jeshi la maji la Marekani ukahamia hospitalini, una hatua nne: hali ya sasa, historia fupi, unavyoona wewe, unachoomba. Kwa Kiswahili cha wodini: "Dokta, ni kitanda cha 14. Anapumua mara 32, jioni alikuwa 20. Amelazwa jana na nimonia. Naona anazidiwa. Naomba uje umwone sasa, na kama huwezi, niambie nimpigie nani." Hapo hujamvunjia heshima, na hujamwachia nafasi ya kukwambia utoe dawa. Akikataa, rudia mara moja, kwa sauti ileile. Akikataa tena, piga kwa aliye juu yake na uandike saa, namba na majibu. Kumpita mtu kwa ajili ya mgonjwa si utovu wa nidhamu. Uliapa kwa ajili ya mgonjwa, na leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga inakudai wewe binafsi.

Maelezo uliyoandikishwa, kama hujayapeleka: weka saa, namba, maneno yaliyosemwa, idadi ya wagonjwa na wauguzi usiku ule. Usimwite mtu majina. Baki na nakala.

Kuhama? Sikukatazi. Kuna wodi ambazo zimeoza kwenye uongozi, na muuguzi mmoja wa stashahada hawezi kuzibeba. Lakini usihame ukidhani hospitali binafsi haina matatizo haya. Kule utakuta wagonjwa wachache na kompyuta nyingi, na pengine utakuta hofu ya mteja badala ya hofu ya bingwa, na mkataba unaoisha kila mwaka. Ukienda kuulizia nafasi, usiulize mshahara tu. Uliza usiku mnakuwa wangapi, na raundi muuguzi anakuwepo? Kisha muulize muuguzi wa pale, nje ya geti: mara ya mwisho mtu kukosea hapa, ilikuwaje? Atakavyovuta pumzi kabla ya kujibu utajua. Mimi ningejipa miezi mitatu ya kujaribu haya na inchaji wako. Yeye akiwa hasikii kabisa, basi omba uhamisho wa wodi kabla ya kufikiria kuacha hospitali.

Yapo ambayo si ya kujadiliwa kwa barua. Ukitukanwa mara kwa mara, ukitishiwa leseni ili unyamaze, au maelezo yako yakigeuka kuwa shauri la nidhamu, nenda ana kwa ana kwa mwakilishi wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, au wa Chama cha Wauguzi kabla hujasaini kitu kingine chochote. Mwenye cheo akidai mapenzi ili akupangie rosta nzuri, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai, na TAKUKURU wana namba ya bure 113. Na wewe mwenyewe: ukiona hulali hata siku ya mapumziko, unalia kabla ya kupanda daladala ya kwenda kazini, au unaanza kuwaza heri usingekuwepo, usisubiri rosta ibadilike. Nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili wiki hii, na kama ni hilo la mwisho, nenda leo, na umwambie mtu wa nyumbani akusindikize. Sisi wauguzi ni wagumu wa kuwa wagonjwa.

Huyo mtarajali mtafute mchana, mkiwa wawili tu, asiwepo wa kumshangilia. Mwambie: "Dokta, usiku ule nilihesabu 32 na sikukutajia. Siku nyingine nitakutajia namba, nawe naomba uje uangalie hata kama huniamini." Umeanza na upande wako, atapata mlango wa kuingilia. Akijibu ovyo, utakuwa umemjua, na namba ya aliye juu yake unayo kwenye plasta.

Hukuniambia mama wa kitanda cha 14 anaendeleaje. Kama bado yuko hapo hospitali, pita umwone, hata kama si wodi yako sasa. Halafu niandikie.